Jiwe la Zohara

Smadar ndiye aliyechagua maneno ya kaburi la mama yao, bila kumshauri dada yake mkubwa Geula. Maneno matatu tu: Zohara, Mama, Ela. Ela ni mungu wa kike. Mchonga mawe alimuuliza kama atie irabu, maana Kiebrania huandikwa konsonanti tupu. Smadar akamkatiza, "Za nini? Nani hapa Ramat Gan asiyejua kusoma?"

Siku ya thelathini ya msiba ukoo ukakusanyika makaburini, kitambaa kilichofunika jiwe kikaondolewa. Geula, aliyeolewa na mtu wa dini na kufunika nywele tangu harusi yake, akasoma, akasonya.

"Mungu wa kike? Mama yetu huyu?"

"Ni sifa tu, Dada. Wasichana wa saluni wanaitana hivyo kutwa."

"Hao huitana 'elila', neno la sanamu, nao wanajua ni masihara. Wewe umechonga! Maandiko yenyewe hayana neno hilo. Mungu wa kike wa Wasidoni aliitwa kwa neno lile lile la kiume. Wazee hawakutaka kuchafua ndimi zao."

"Basi walipungukiwa maneno. Mimi sikupungukiwa."

"Wanangu," akasihi mjomba Sasson, "marehemu anasikia."

"Na asikie!" Geula akainama, akapitisha kidole chini ya herufi, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Zohara. Mama. Ala."

Watu wakaduwaa. Herufi zilikuwa zile zile. Badili irabu ya kwanza tu, mungu wa kike anageuka laana. Binamu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Rudia, nikuoneshe," Smadar alisema, akimsogelea.

"Laana. Ndivyo ulivyoandika mwenyewe." Geula akapandisha mkono wa gauni. Kovu lilikuwa limechongoka kama ncha ya pasi. "Niliunguza nguo ya Mama ya kuimbia harusini, naye akaniunguza mimi. Ulikuwa umesimama mlangoni, unakula tende. Wewe alikuimbia. Mimi je?"

Harufu ile ya ngozi iliyoungua ilimrudia Smadar puani. Angeweza kusema pole. Badala yake akasema, "Mikono yako ilikuwa mizito tangu utotoni."

Geula hakumpiga. Alichukua kijiwe cha ukumbusho alichokuwa ameweka juu ya kaburi, akakitia mkobani, akawaita wanawe. Walikwenda zao sala ya wafu ikiwa katikati.

Wiki ile ile Smadar alimrudisha mchongaji, naye akachonga nukta mbili, irabu ya "e", chini ya herufi ya kwanza ya neno la mwisho.

"Sasa hakosei mtu, mama," mzee alisema, akipuliza vumbi.

"Hakosei."

Geula hakukanyaga tena pale. Binti yake mkubwa alipoolewa, Smadar alizipata habari sokoni, kwa muuza samaki, harusi ikiwa imekwisha.