Alichofundishwa Mkono

Filemon alimkata kaka yake Aminieli mkono wa kulia kwa panga, kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, kule juu Kidia. Damu ilirukia mpaka kwenye majani ya migomba. Filemon akafungwa, Aminieli akabaki na kigutu na hasira za kutosha ukoo mzima.

Raya, fundi wa Kiboriloni, ndiye aliyemuundia mkono mpya, madaktari wakaufunga kwenye mfupa. Ndani yake kulikuwa na vidude vidogo kama ulezi, vinavyopokezana ishara kama seli za neva zifanyavyo mwilini, kwenda na kurudi, hata akigusa kitu akahisi.

“Njia ya ishara ikipitiwa sana, inapanuka,” Raya alimwonya. “Mwishowe mkono unaifuata kabla wewe hujaamua. Kwa hiyo ufundishe upole, kaka Aminieli. Shika kikombe, shika yai.”

“Sawa, dada.”

Mwongo mkubwa! Kila asubuhi alisimama migombani, akamfikiria Filemon, akakaba mgomba mchanga mpaka ukapasuka na utomvu ukamchuruzika. Hapo ndipo vidole vilipolegea, naye akajisikia nafuu.

Filemon alipotoka gerezani, alikuja nyumbani kwa mama yao na jani la isale. Mchagga akiletewa isale hakatai kusamehe. Aminieli alikuwa ameapa kukataa. Lakini alipomwona mdogo wake amepiga magoti, amekonda, mvi zimemjaa, hasira ilimwisha yote, machozi yakamtoka.

“Kaka, nisamehe.”

“Nimekusamehe,” Aminieli akasema, na alimaanisha. Jani kama hilo halipokelewi kwa kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia.

Mkono ukalipita jani, ukamkaba Filemon koo.

Aminieli alivuta, akajirusha chini pamoja naye, akavipondaponda vidole vile kwa jiwe. Havikuachia. Mama yao alipiga yowe, akakimbilia panga, akalitia mkononi mwa Filemon.

“Kata!” Aminieli akalia. “Filemon, kata tena!”

Filemon, macho yamemtoka, alilitazama panga lile. Akalitupa mbali.

Chini ya vidole Aminieli alihisi mshipa wa ndugu yake ukidunda, ukidunda, ukififia. Kisha kitu kikavunjika.

Hapo ndipo vidole vilipolegea, kama vilivyofundishwa.