Kiuno Kile Kile

Madam alikuwa na magauni sitini na moja, kila moja limeshonwa kwa mkono, kwa ajili yake peke yake, na fundi mmoja. Baba yake alimwachia viwanda viwili vya saruji. Ndugu hakuwa nao, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na magauni. Kazi yangu ilikuwa kuyatunza: kuyapa hewa, kubadili karatasi laini ndani ya masanduku, kuwinda nondo. Nilisomea ushonaji chuoni, nina diploma, kwa hiyo siwezi kusingizia ujinga kwa nilichofanya.

Jikoni walimwita Nyigu, kwa kiuno na kwa ulimi. Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, alivaa gauni moja la zamani, akasimama mbele ya kioo na kusema, "Kiuno kile kile."

Mwaka wangu wa kwanza, gauni la hariri ya kijani lilikataa kufunga mgongoni. Nilivuta kulabu mpaka ukucha ukakatika.

"Limesinyaa," alisema.

Hariri iliyokaa kabatini haisinyai vidole vinne. Lakini midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka, nami sikutaka kumwona mtu mzima akilia saa tatu asubuhi.

"Ni unyevu, Madam. Niachie mpaka kesho."

Nikafumua mishono ya ubavuni, nikatoa kitambaa cha akiba ambacho fundi alikiacha ndani, nikashona upya. Kesho yake lilimkaa kama amezaliwa nalo. Alinikumbatia.

Uongo huzaa. Kwa miaka kumi na minne, sherehe baada ya sherehe, nilifumua magauni thelathini na nane. Madam alinenepa taratibu, kama binadamu yeyote anayekula vizuri na kuzeeka, nami nilimfuata nyuma na sindano.

Mwaka huu aliamua kuyatoa yote kwa jumba la makumbusho, yawekwe kwenye chumba chenye majina mawili: lake na la Mzee, yule fundi aliyemshonea tangu akiwa msichana. Mzee sasa ana miaka themanini na moja na macho yamemwisha.

Mkaguzi wa makumbusho alikuja na glavu nyeupe na lenzi. Akaligeuza gauni la kijani ndani nje juu ya meza.

"Hili limefumuliwa," akasema. "Hariri haisahau tundu la sindano. Tazameni, mistari miwili. Na hili. Na hili pia."

"Haiwezekani," Madam alisema. "Hakuna aliyeyagusa. Mimi sijaongezeka hata nusu inchi. Muulize huyu."

Mkaguzi akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Basi yalikuja hivyo," mkaguzi alisema. "Huenda fundi wako alikuwa anafumua magauni ya wateja wengine na kukushonea upya. Nitaandika kwenye ripoti. Jina lake hatutaliweka."

Madam hakungoja. Alimpigia Mzee palepale, simu iko mezani, sauti wazi.

"Mzee, umenivisha mitumba miaka yote hii?"

"Mitumba? Mimi, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Matundu yako haya hapa mezani!"

Mzee akasema, "Sikumbuki kufanya hivyo. Lakini siku hizi nasahau hata kama nimekula. Kama matundu yapo, basi huenda nilifanya. Nisamehe."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu ile. Sikusema neno.

Nyumbani kwangu, mtoto akimwacha mwenzake aadhibiwe kwa kosa lake, anasimama mlangoni mpaka aseme ukweli, hata chakula kipoe. Sheria nimeitunga mimi. Jioni ile nilikula nimekaa.

Siku ya tatu mkaguzi alileta ripoti isainiwe. Madam alipochukua kalamu, nikasema, "Ni mimi. Yote thelathini na nane. Mzee hana kosa."

"Ulifumua kwa nini?" mkaguzi akauliza.

"Alinenepa."

Hakuna njia nzuri ya kulisema hilo, nimeitafuta.

Madam aliweka kalamu chini. "Miaka kumi na minne unanicheka mbele ya kioo changu mwenyewe?"

"Sikucheka, Madam. Niliogopa ungelia."

"Kwani kulia kunaua? Ningelia, nikamaliza, tukanywa chai!"

Mkaguzi akachana ripoti. Jina la Mzee litabaki, akasema, na magauni ishirini na matatu ambayo hayajaguswa atayachukua. Yaliyopita mikononi mwangu hana nafasi nayo.

"Nenda kamwambie Mzee," Madam akasema bila kunitazama. "Mimi sina uso wa kwenda."

Nikaenda. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, mikono mapajani. Ukutani kulikuwa na misumari mitupu. Mkwewe aliniambia picha za magauni amezitoa yeye, kwa amri ya Mzee. Nikamweleza yote, kuanzia gauni la kijani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Nani kakutuma?"

"Ni kweli, Mzee. Mikono ni yangu."

"Una moyo mzuri, mwanangu. Unataka nife na jina safi. Lakini wanangu nimeshawaambia: baba yenu aliwaibia watu vitambaa, msimtetee." Akanipapasa mkono. "Nenda nyumbani. Huruma yako nimeipokea."

Huruma. Ndiyo hiyo hiyo iliyotufikisha pale.

Nikarudi mbio kwa Madam, nikalichukua gauni la kijani, nikalikunja kwenye mkono. Macho ya Mzee hayaoni, lakini vidole vyake haviwezi kukosa kuutambua mshono wake na wangu. Na aliyemtukana ni lazima awepo. Madam alikuwa amekaa kitandani na vazi la kulalia, mchana kweupe.

"Inuka twende," nikamwambia. "Mzee haniamini mimi. Ulimtukana wewe, utamwomba radhi wewe, na utamtajia kiuno chako ni inchi ngapi."

Sikuwahi kumwambia "inuka." Alitazama kabati lililojaa ukuta mzima.

"Sina nguo inayonitosha ambayo hukuifumua," akasema.

Ilikuwa kweli, na aliyemficha hilo ni mimi. Nikashuka jikoni, nikaazima gauni la mpishi, lile lenye lastiki kiunoni. Likamtosha. Tukatoka.