Mzigo wa Hatari wa Kikundi cha Moto Mwema

Siku wanawake wa Moto Mwema walipoambiwa kwamba makaa yao ni mzigo wa hatari, walicheka mpaka Shosho Jecinta, nyanya yao wote, akaomba maji ya kunywa.

Aliyewaletea habari hiyo ni Khavere, mwenyekiti wao, aliyekuwa ametoka mjini kwenye mafunzo ya siku mbili akiwa na mfuko wa makaratasi. Walikuwa kumi na wanane, wamekalia ndoo na vibao ndani ya banda lao la mabati pale Kariobangi, katikati ya mafundi wa mageti na wafua sufuria. Kazi yao ilikuwa kuchoma maganda ya makadamia ndani ya mapipa, kuyasaga, na kuyabumba vipande vya duara vya kuchomea nyama. Mnunuzi mmoja wa Ureno alikuwa ameviona, akavipenda, akaagiza kontena zima. Kontena! Wengine wao walikuwa hawajawahi kujaza hata mkokoteni.

"Hatari kivipi sasa?" akauliza Tiffany, katibu wa kikundi, msichana wa kucha ndefu ambaye hakuna aliyejua anabumbaje makaa bila kuzivunja.

"Wanasema inaweza jiwasha. Yenyewe. Bila kiberiti."

Banda likapasuka kwa kicheko. Hawa ni watu wa Huruma na Mathare, watu ambao kila asubuhi ya Mungu hulibembeleza jiko kwa karatasi, kwa nailoni, kwa mafuta ya taa na kwa pumzi yao yote, na makaa yanawatazama tu. Leo wanaambiwa yanajiwasha!

"Nimeuza makaa Mathare miaka thelathini," Shosho Jecinta akasema, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Thelathini! Hata siku moja haijawahi jiwasha. Ingekuwa inajiwasha, singekuwa na hiki kifua cha kupuliza."

Khavere naye alicheka, angefanyaje. Lakini alikuwa amesoma, na alipopata nafasi akawaeleza kama alivyofundishwa. Meli zote duniani zina kitabu kimoja cha sheria juu ya vitu vinavyolipuka, vinavyoua kwa sumu na vinavyowaka moto. Zamani makaa yakipimwa maabara na kufaulu, yalipita kama mzigo wa kawaida. Mlango huo ulifungwa mwaka huu ulipoanza, kwa sababu meli zilikuwa zikishika moto katikati ya bahari. Makaa mapya hunywa hewa na kupata joto polepole. Gunia moja peke yake hulitoa joto hilo likapotea. Magunia elfu moja yaliyobanana hayana pa kulipeleka.

"Kwa hivyo lazima yakae wazi, hewa ipite, siku kumi na nne. Siku ya kupakia yasizidi nyuzi arobaini. Halafu kuna karatasi. Mtu mmoja anaandika jina lake na kuweka sahihi kwamba haya yote ni ukweli." Akaitoa karatasi mfukoni. "Huyo mtu ni mimi. Na kwa meli kuna watu ishirini na wawili wanalala juu ya huo mzigo."

Pengine maneno hayo ya mwisho yangesikika, kama Khavere hangetoa stika papo hapo. Zilikuwa kubwa, za pembe nne zilizosimama kwa ncha, nyeupe juu na nyekundu chini, na mwali mweusi wa moto umechorwa. Za kubandikwa pande zote nne za kontena. Basi nani angesikiliza tena? Kila mmoja aliitaka yake. Tiffany alijipiga picha ameiweka kifuani, na kabla ya saa kumi na mbili jioni picha ile ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Mwanachama mmoja aliiba stika akaibandika mlangoni pa chumba chake cha kulala, na mumewe, fundi wa baiskeli, akabisha hodi kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Tangu siku hiyo wakaacha kuitana kwa majina. "Niaje, Hatari?" "Poa, Hatari, umeamkaje?" Watu ambao maisha yao yote walikuwa wakiambiwa wasogee kando, sasa kitabu cha dunia nzima kilikuwa kimewaandika kwamba wachungwe. Raha iliwapanda kichwani, nami siwalaumu.

Khavere peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyeacha kazi kiwanda cha biskuti baada ya miaka kumi na mmoja, na yeye ndiye aliyewatoa wenzake kwenye kufulia watu nguo huko Buru Buru akiwaapia kwamba makaa yatawalisha. Mnunuzi alikuwa ameongea waziwazi: kontena hili ni la kujaribu. Likikosa meli yake, anarudi kwa watu aliokuwa akinunua kwao. Na likikosa, Moto Mwema umezimika, kila mmoja arudi kwa mabeseni ya watu. Khavere alilijua hilo kila alipoandika kwa chaki mlangoni: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi haina huruma. Manyunyu asubuhi, manyunyu jioni, baridi ya kuuma masikio. Magunia yalipangwa kwa mistari, midomo wazi, mstari na mstari nafasi ya mtu kupita. Jioni Khavere alifunga banda na kumwachia ufunguo Shosho Jecinta, aliyekaa karibu zaidi, pale Kiamaiko. Asubuhi alipofika alimkuta Shosho ameshafungua na kufagia, magunia yako wazi, kila kitu sawa. Akaandika: siku ya kumi. Ya kumi na moja.

Siku ya kumi na nne Khavere alifika mapema kuliko kawaida, amevaa rinda la kanisani. Banda lilikuwa limefunguliwa lakini Shosho hayupo. Majirani wakamwambia amekwenda soko la mbuzi la Kiamaiko kuchinjisha mmoja, kwamba kontena haliwezi kuondoka watu wakiwa na midomo mikavu. Khavere akatabasamu, akaingia ndani, akaenda mpaka nyuma, karibu na ukuta uliokuwa ukivuja kila mvua iliponyesha. Tabasamu likaisha.

Mistari mitatu ya nyuma haikuwa mistari tena. Magunia yalikuwa yamesukumwa pamoja, yamebanana, na juu yake nailoni nzito, na juu ya nailoni mablanketi mawili, yamechomekwa kila upande vizuri kama kitanda cha mgonjwa. Khavere akavuta blanketi. Akatia mkono ndani ya gunia la katikati, akautoa haraka. Akachukua kipimajoto, akakisukuma mpaka ndani. Sitini na nne.

Hakupata muda wa kufikiri. Nje lori lilikuwa likipiga honi, na Nzomo, dereva aliyeleta kontena, alikuwa akipiga kelele kwamba barabara si ya mamake mtu, wafungue geti. Wanawake walikuwa wanamiminika na sare zao mpya za kitenge. Nyuma yao akaingia Abdimajid, mkaguzi, mtu mrefu mkimya mwenye kalamu tatu mfukoni.

Abdimajid alianza mbele. Akachoma kipimajoto kwenye gunia la kwanza. "Ishirini na tatu." Vigelegele! La pili: "Ishirini na mbili." Vigelegele na mguu mmoja juu! La kumi likampata Tiffany amepanda juu ya pipa akicheza, na mafundi wa mageti wameacha kazi wamejaa mlangoni. Kufika mstari wa sita mkaguzi mwenyewe alikuwa anasoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Akatazama saa. Akatazama giza la nyuma.

"Ya huko ni ile ile?"

"Ni ile ile!" wakajibu watu kumi na sita kwa pamoja.

Akatandaza karatasi juu ya pipa. "Mwenyekiti, weka hapa."

Wakamsukuma Khavere mbele, wamemshika mabega, mtu anamfuta vumbi mgongoni. Kalamu ikawa mkononi mwake. Akasoma yale maneno aliyokuwa akiyajua kwa moyo. Mimi ninayetia sahihi hapa. Aliogopa, na hakuna haja ya kuficha kwamba alitaka kutia sahihi. Magunia arobaini kati ya elfu moja! Nani angejua? Nzomo angefunga mlango, lori lingeshuka Mombasa, na hawa waliomshika mabega wangeendelea kucheza. Alisikia mkono wa mtu ukimpapasa begani, mkono mgumu wa sabuni ya miaka mingi. Alijua ni wa nani, na ungerudi kufua kwa nani.

Akaweka kalamu chini.

"Siwezi sign," akasema. "Ile ya nyuma ilikuwa imefunikwa. Iko na moto."

Kwanza walidhani anatania. Halafu zogo likaanza, kila mtu na mdomo wake. Tiffany akashuka kwenye pipa akilia, "Aki Khavere, meli si itatuacha?" Nzomo akaapa kwamba yeye hatarudi na kontena tupu kama mwendawazimu. Na katikati ya hayo akaingia Shosho Jecinta, nyuma yake mkokoteni wenye beseni la nyama ya mbuzi.

"Nani alifunika hizi gunia?" mkaguzi akauliza.

"Mimi," akasema Shosho, kwa fahari kabisa. "Kila jioni nasukuma pamoja nafunika, asubuhi natenganisha. Leo ni mbuzi imenichelewesha. Kwani mlitaka inyeshewe?"

"Shosh, nilisema ikae wazi!" Khavere akalia.

"Wazi mchana, nikasikia. Lakini na hii mvua? Makaa inaharibiwa na maji, mama, si na blanketi! Makaa ikishika maji inatoa moshi, kastoma anahamia kibanda ingine. Nimefunika makaa kabla wewe uzaliwe. Iko na moto wapi? Leta hapa!"

Akavuta gunia lile la katikati mwenyewe, akaliburuta mpaka kwenye mwanga, akalilaza, akaketi juu yake na kukunja mikono. Akaanza hotuba. Alianza na bei ya gunia mwaka aliooa mwanawe wa kwanza, akapita kwenye mvua kubwa iliyofagia kibanda chake bondeni Mathare ikamwacha na gunia moja kavu, lile alilokuwa amelifunika. Akafika kwa vijana wa siku hizi wanaosoma vitabu vya meli na hawajui kuwasha jiko. Watu walikuwa wanaitikia. Hata Nzomo alikuwa anaitikia. "Na mimi nawaambia, hii makaa ni baridi kama..."

Akanyamaza. Uso wake ukapitiwa na fikira. Akajisogeza upande wa kushoto. Akajisogeza wa kulia. Halafu akaruka, na kwa mwanamke wa miaka sabini na mbili aliruka vizuri sana, mikono miwili imeshika nyuma ya rinda.

"Uuuuwi! Imeniivisha!"

Sijui nani aliyeanza, lakini walicheka wote, wale waliokuwa wanalia na wale waliokuwa wanatukana. Tiffany alianguka chini. Mafundi wa mageti walishikana wasianguke. Abdimajid aligeukia ukuta, na mabega yake yakawa yanaruka. Shosho mwenyewe alicheka akijipepea, kicheko cha mtu aliyeshindwa mbele ya mashahidi.

Moshi ulipotokea, walikuwa bado wanacheka. Uzi mwembamba tu, wa buluu, ukipanda kutoka mdomo wa gunia. Khavere akalishika kwa pembe, Nzomo akaja kumsaidia, wakalikokota mpaka nje wakalimwaga kwenye mchanga. Katikati ya lundo lile jeusi kulikuwa na jicho jekundu. Likapigwa na upepo wa Julai, likafumbuka zaidi. Hakuna aliyekuwa na kiberiti. Hakuna aliyekuwa amepuliza.

Kicheko kikaisha polepole, mmoja baada ya mwingine.

Shosho Jecinta akasimama kando ya lundo lile, akalitazama. "Wale watu wa meli," akasema. "Ulisema ni wangapi?"

"Ishirini na wawili, Shosh."

"Wako na mama zao?"

"Lazima wako nao."

Shosho alirudi ndani, akang'oa nailoni, akatupa mablanketi yake mwenyewe kwenye tope, akaanza kuyatenganisha magunia yale mengine moja moja. Wenzake wakamfuata. Mafundi wa mageti wakaingia nao. Kwa nusu saa mtaa mzima ulikuwa unapitisha magunia kwa mikono, na wimbo ukaanza, maana watu hawa hawawezi kubeba kitu kizito kimya.

Khavere alipiga simu Ureno akiwa amesimama kando ya geti, sauti imefunguliwa ili wote wasikie, kwa kuwa alijua akisikia peke yake hataweza kuwaambia. Akamweleza mnunuzi kila kitu kwa Kiingereza chake cha kiwandani: mablanketi, nyuzi sitini na nne, moshi. Hakumficha hata Shosho. Mnunuzi akamwacha amalize.

"Mwaka jana niliponunua kwa wengine," mtu yule akasema mwishowe, polepole, "karatasi zao zilikuwa safi kabisa. Meli ilirudi na mabaharia pungufu." Akakohoa. "Kuna meli nyingine baada ya siku ishirini. Hiyo ndiyo yenu. Nitangoja."

Kelele iliyotoka pale ilimfanya Nzomo azibe masikio. Walimbeba Khavere, wakamwangusha, wakambeba tena. Abdimajid akaandika tarehe mpya kwenye kitabu chake, na kwa kuwa nyama ilikuwa imetoka Kiamaiko, ambako wachinjaji ni Waislamu wenzake, alipoombwa abaki hakukataa sana.

Na moto ulikuwepo tayari. Lundo lile lilikuwa limekolea lote, jekundu, halina moshi, makaa bora kabisa ambayo banda lile liliwahi kutoa. Wakatandika wavu juu yake. Shosho Jecinta alichoma akiwa amesimama, na kila alipoambiwa aketi alikataa, nao wakacheka upya kila mara. Kipande cha kwanza kilipoiva alikikata kwenye mfupa, akampita mkaguzi, akampita dereva, akamwendea Khavere aliyekuwa ameegemea geti, rinda la kanisani limejaa masizi.

"Kula, mama," akamwambia. "Ni wewe ulikataa."

Khavere akakipokea kwa mikono miwili, kikiwa bado cha moto, akala huku akilia.