Unga Mkavu Juu ya Injini

Mimi ndiye niliyesababisha Modest afukuzwe kazi. Sikufanya hivyo kwa fitina wala kwa wivu. Nilifanya kwa furaha, na nikisema hivyo watu hunitazama kama mwendawazimu, kwa hiyo acheni nieleze.

Mwaka 1952 nilikuwa dereva wa Bwana Darwesh, mfanyabiashara wa Kanyenye, Tabora, na Modest alikuwa fundi wake. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Lusu. Enzi za misafara babu zake walipita kwetu na pembe mabegani wakielekea Bagamoyo. Wakagombana na babu zangu, wakapatana, na sisi wajukuu tukarithi utani. Mtani humwambia mtani wake neno lolote, mbele ya mtu yeyote, na hakuna wa kununa. Modest aliniita mzembe wa Pwani. Mimi nilimwita kipofu.

Mwanzoni lilikuwa tusi tu, kwa kuwa siku moja alikuja kazini amevaa shati nje ndani. Kisha macho yake yakaanza kufa kweli. Aliniambia mwenyewe tukiwa njiani kutoka Nzega, wakati nilipomwonyesha kundi la pundamilia naye akatazama upande mwingine kabisa.

"Naona ukungu, Nassibu," alisema. "Anajua mke wangu Josepha, na sasa unajua wewe. Wengine wakijua, nitarudi Lusu nikakae barazani nisubiri mtu wa kunishika mkono kunipeleka chooni. Nina miaka arobaini na saba tu. Mikono yangu bado ni mizima."

Tangu siku hiyo nilimwita kipofu kwa sauti kubwa zaidi. Akipapasa chini akitafuta spana, nilipiga kelele, "Kipofu huyo, mpisheni!" Watu walicheka, wakasahau walichokiona. Nani angeamini neno la mtani? Nilijiona mjanja sana. Mpaka leo nikikumbuka ujanja ule natamani kujizaba kofi.

Lori lenyewe lilikuwa zee, mabaki ya vita, na mwaka ule lilianza kuvuja oili. Nikiliegesha usiku, asubuhi nakuta dimbwi jeusi mahali injini inapokutana na gia. Mafundi wawili wa mjini waliingia chini yake, wakatoka wakitikisa vichwa. Sili ya nyuma, inayozuia oili isitoke, imekufa, walisema. Lazima injini yote ishushwe.

Modest aliwasikiliza hadi mwisho. "Mmetazama chini kwa sababu tone liko chini," alisema. "Lakini oili haipandi. Mwizi wetu yuko juu."

Aliosha injini nzima kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa matambara, akaniambia niiwashe. Kisha akafumba macho. Vidole vyake vilianza juu kabisa, vikashuka polepole, vikarudi, vikashuka tena, huku injini ikitetemeka na kumchoma. Kwenye pembe ya nyuma ya mfuniko wa valvu vilisimama. Alivinusa.

"Hapa," alisema.

Na kweli ilikuwa hapo. Gasketi inayoziba ukingo wa mfuniko ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama gome, na oili ilipenya pembeni, ikateleza nyuma ya injini mahali pasipoonekana, ikaenda kudondokea chini na kuisingizia sili. Modest alichukua kipande cha ngozi laini, akakilaza juu ya mfuniko, akagonga ukingo kwa nyundo ndogo, ta ta ta, mpaka ngozi ikajikata yenyewe kwa umbo lake, akaifunga mahali pa gasketi ya zamani. Ile kazi haihitaji macho. Nilisimama nikamtazama, nikaona fahari kama vile vidole vile ni vyangu.

Kuhakikisha, tulifanya kama tulivyofanya siku zote. Tulinyunyizia unga wa muhogo juu ya injini, tukaiacha iungurume muda wa watu kunywa chai. Panapovuja, unga hulowa na kuweka mstari mweusi. Tuliporudi, gereji nzima ikasogea kutazama. Unga ulikuwa mweupe, mkavu, kila mahali.

Nikaruka juu. "Kipofu kawashinda wenye macho!" nilipiga kelele. "Kapapasa tu kama kuku gizani, hakuona kitu, na lori limepona!"

Wote wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Ghalibu, mpwa wa Bwana Darwesh. Hakuwa ametimiza hata mwaka tangu afike kutoka Maskati. Kiswahili alikwisha kukielewa, utani hakuuelewa. Alimtazama Modest mikononi, kisha usoni, kwa muda mrefu.

"Modest," alisema kwa upole, "hebu usome wewe unga huo. Umelowa wapi?"

Angesema ni mkavu, basi. Alikuwa ameifanya kazi ile vizuri kuliko fundi yeyote wa Tabora, na kama angejiamini angepona. Lakini aliulizwa wapi, akadhani pako mahali. Kugusa hakuweza, kwani kidole kingeacha alama. Nami nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Ningekohoa. Ningesema upuuzi wowote. Miaka yote ile sikuwahi kukosa neno la kumtania, na pale nikamwacha ajibu peke yake.

"Kidogo tu," alisema Modest. "Pale nyuma. Nitakaza."

Kicheko kilikatika. Modest alisikia ukimya ule, na nadhani alielewa mara moja, kwa sababu alianza kufuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja, mpaka Bwana Darwesh alipoitwa.

Bwana Darwesh hakumfokea. "Lori langu hubeba watu, Modest," alimwambia. "Nenda nyumbani ukapumzike." Mtu alimwongoza hadi mlangoni akiwa amemshika mkono. Sikuwa mimi.

Siku ya nne nilijikaza nikaenda kwake Cheyo. Vyombo vilikwisha kufungwa kwa safari ya Lusu. Josepha alinikaribisha kigodani. Modest alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kuiona mikono ile bila kitu.

"Nisamehe," nilisema.

"Nikusamehe nini?"

"Unajua nini. Nimekuharibia maisha."

"Ulinitania," alijibu. "Wewe ni mtani wangu. Tangu lini mtani akaomba radhi? Ukisema umenikosea, basi ulikuwa unasema kweli siku zote."

Angenifukuza ningekwenda, angenidai fidia ningetoa, lakini mtani hana pa kushtakiwa wala pa kusamehewa. Nililia mbele ya mke wake bila haya.

"Basi nitukane," nilimwambia. "Niite mzembe wa Pwani. Niite chochote."

Kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha, Modest akamgeukia Josepha, akamwomba aniletee chai, maana mgeni ametoka mbali.