Mafuta ya Breki

Mama mkwe wangu, Bibi Ottilia, alifariki Ijumaa nyumbani kwetu Maguu. Alikuwa ameomba jambo moja tu: alazwe Liuli, kando ya ziwa, jirani na mumewe. Huko shemeji yangu Damiano alikuwa ameshachimbisha kaburi. Ilibaki pikapu ya mume wangu, Joakim, itushushe.

Lori la jirani lilikuwa limekwama Mkumbi kwenye matope, na kwetu hakuna chumba cha baridi. Jumapili asubuhi wanawake waliokaa na marehemu walianza kufungua madirisha bila kusema kwa nini.

Fundi Nurdini alipanda kutoka Mbinga mjini kwa bodaboda, kiroba chenye kalipa mbili mpya za breki kikiwa mapajani.

"Poleni na msiba, shemeji," aliniambia, na hapo hapo akaingia chini ya gari.

Tangu katikati ya wiki magurudumu ya mbele yalikuwa yakijishika yenyewe. Nurdini akafungua kalipa ya kwanza, chuma kile kinachobana diski gurudumu lisimame. Pistoni yake ikagoma. Aligonga, akapuliza, hadi ikachomoka na raba yake: imevimba, laini kama ulimi. Akainusa.

"Kaka Joakim, humu uliweka nini?"

"Si ulinambia kwenye simu niongeze mafuta kwenye kikopo cha breki?"

"Mafuta gani?"

"Mafuta! Ya injini, yalikuwa yamebaki kwenye dumu."

Nurdini akakaa chini, palepale kwenye tope. "Nilisema mafuta," akasema taratibu. "Nikajua unajua ni ya breki. Ya injini yanavimbisha raba zote."

"Basi mafundi mseme neno zima! Ya kupikia mafuta, ya taa mafuta, ya kujipaka mafuta!"

"Ashukuriwe Mungu hakumimina ya alizeti," shangazi mmoja alisema, kisha akaziba mdomo, maana wenzake walikuwa wameanza kucheka na maiti yumo ndani.

Nurdini alifunga kalipa mpya, akasafisha mabomba kwa mafuta yenyewe ya breki. Joakim alishika chupa juu ya kikopo, basi nikapanda mimi kwenye usukani, mtoto wetu Eunice mgongoni, ili upepo utolewe kwenye mabomba.

"Kanyaga, shemeji. Shikilia hapo hapo. Achia."

Pedali ikawa ngumu. Joakim akatabasamu mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Bado masta silinda," Nurdini akamkatisha. "Ile pampu inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni. Raba zake nazo zimevimba. Mpya iko Songea, hapa itafika kesho jioni."

"Mama hawezi kungoja kesho jioni."

"Basi jaribu hadi kanisani. Bila watu. Bila mama."

Joakim alikwenda. Alirudi kwa miguu. Nyuma yake, mbele ya kanisa, moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu.

"Imeshika," alisema. "Ikipoa itaachia. Nitakwenda polepole, mimi na mama tu."

"Itaachia, halafu itashika tena," alisema Nurdini. "Ule mteremko wa ziwani utachemsha mafuta ya breki. Utakanyaga, usikute kitu."

"Nimesema nitakwenda!"

Nilisimama mbele yake. "Baba Eunice, kaburi la Liuli limechimbwa la mtu mmoja."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. Kisha akatoa simu.

Kwao kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Mwenyewe asipofika, hulazwa mgomba, ukafukiwa kama mtu.

"Damiano," alisema. "Kata mgomba."

Nilisikia sauti ya mdogo wake mpaka pale nilipokuwa. "Mwanaume gani anamzikia mama yake mgomba, na gari analo?"

Joakim hakukata simu. Aliiacha sikioni, akatukanwa, hadi Damiano mwenyewe akaanza kulia.

Tulimzika mchana ule katikati ya mibuni, mahali ambapo hata ukipanda juu ya jiwe huoni ziwa. Nurdini alichimba pamoja na wanaume. Katekista alipomwita mtoto wa marehemu atupe udongo wa kwanza, Joakim alitazama viganja vyake vilivyojaa weusi wa mafuta, akavificha nyuma. Nikauvuta mkono wake mmoja. Tukainama pamoja, tukauchota udongo.