Chupa Iliyokwenda Kutoa Ushahidi

Siku ile mjinga alikuwa kinyozi, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuambia wajinga wa mtaa mzima walikaa kikao wakapiga kura, naye akashinda bila kugombea.

Wateja walimwita Marashi. Jina hilo lilitokana na mafuta ya ndevu aliyoyachanganya mwenyewe nyuma ya pazia la duka: mafuta ya nazi, na juu yake matone ya manukato makali ambayo siri yake hakumpa mtu. Kila aliyenyolewa alipakwa mashavuni, na Marashi mwenyewe alijipaka asubuhi na jioni, hata ukaweza kumnusa kabla hujamwona. Alijivunia hilo. Alianza kazi hana hata kioo, kiti cha mteja ni ndoo iliyopinduliwa, na kipande kimoja cha sabuni ya kufulia ndicho kilichoosha taulo, nyembe na kinyozi mwenyewe. Aliyewahi kunuka dhiki hapendi kukumbushwa.

Upande wa pili wa duka hilohilo, mbele ya kioo kirefu, alifanya kazi mkewe, msusi. Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko maneno yake, na hilo kwa msusi ni sifa. Shida ilikuwa kichwa chake mwenyewe. Ilianza nyuma ya masikio, ngozi ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Ikapanda utosini, ikashuka shingoni, mwisho ikamvimbisha kope mpaka mteja mmoja akampa pole ya msiba. Msusi anayejikuna kichwa ni kama mpishi anayetapika: watu hawangoji maelezo. Kiti chake cha wateja kikaanza kubaki kitupu.

Marashi akajipa uaskari. Wiki hii alikamata shampuu, wiki ile dawa ya kulainisha nywele, kisha rangi zote, nyeusi na za kahawia, zikafungiwa sandukuni bila rufaa. Muwasho ukapoa kidogo, ukarudi. Na kila jioni, kwa huruma, alimketisha mkewe chini kati ya magoti yake, akamkanda kichwa taratibu kwa vidole vyake vyenye joto mpaka msusi akasinzia. Asubuhi kope zilikuwa zimefura.

"Kazi inakumaliza, bibie," Marashi alikuwa akisema. "Kiti hicho tukiuze, upumzike."

Msusi alichukua kitambaa akakifuta kile kiti, mgongo na mikono yake, kama mtu anayemsafisha mtoto ambaye wengine wanataka kumchukua.

Ndiyo maana walipofika kwa daktari wa ngozi, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, msusi aliuliza jambo moja tu: je, ataweza kuendelea kusuka? Daktari akasema hilo ngozi yenyewe italijibu. Aliwataka warudi na kila kitu kinachogusa kichwa cha mama.

Walirudi na kapu. Marashi alizipanga chupa za mkewe mezani moja baada ya nyingine, kama watuhumiwa, akieleza makosa ya kila mmoja. Alipomaliza, akachomoa mfukoni kichupa chake cha mafuta ya ndevu, akakiweka mwisho wa mstari.

"Na huyu mpime, daktari. Hana kesi, amekuja kutoa ushahidi tu."

Muuguzi akacheka. Daktari hakucheka. Alikifungua, akakinusa, akauliza kama mama anapakwa hayo mafuta. Marashi akasema la, ni ya ndevu, na mama, alhamdulillahi, hana ndevu. Daktari akauliza kama wanalalia mto mmoja. Marashi akajibu kwamba huo ni udaku, lakini ndiyo.

Kichupa kikapewa nambari kama wenzake.

Msusi alivua blauzi, akainama. Muuguzi akambandika mgongoni plasta zenye vidoa vidogo, safu kwa safu: kidoa hiki shampuu yake, kile rangi yake, vingine vitu ambavyo daktari alikuwa navyo kabatini mwake, maana alitaka kuuliza na maswali yake mwenyewe. Wakaambiwa mgongo usiloe maji mpaka plasta zibanduliwe. Njiani Marashi alimwambia mkewe kwamba sasa anafanana na ukuta wa wakati wa uchaguzi.

Plasta zilipobanduliwa siku mbili baadaye, mgongo ulikuwa mtulivu. Palikuwa na wekundu hafifu hapa na pale, kama alama za mikunjo ya shuka. Marashi akakichukua kichupa chake, akakibusu, akatangaza kwamba shahidi ameachiwa huru. Daktari alikuwa anaandika, wala hakuinua kichwa. "Ngozi haijamaliza kusema, baba. Rudini keshokutwa."

Keshokutwa msusi alipovua blauzi, Marashi alikuwa na utani mwingine tayari mdomoni. Haukutoka.

Kati ya safu zile, mahali pawili palikuwa pamewaka. Palivimba, pekundu, pamejaa vipele vidogo vya maji, na mipaka yake imekatika sawasawa kana kwamba mtu amechora kwa kalamu. Kwingine kote ngozi ilikuwa laini. Rangi nyeusi ilikaa kimya. Rangi za kahawia kimya. Dawa ya kulainisha, kimya. Daktari aliweka kidole karibu na pale pa kwanza. "Haya ni manukato ya kabatini kwangu." Akasogeza kidole hadi upande wa pili wa uti wa mgongo. "Na hii ni chupa yako."

Marashi alisogea karibu, akainama, akatazama. Alikuwa ameshika ngozi ya watu maisha yake yote. Aliivuta, aliikwangua, aliifuta povu, na siku zote aliiona kama kitambaa tu, kitu cha kumfunika mtu asimwagike. Sasa alijikuta amebana pumzi. Mgongo huu haukuwahi kupakwa mafuta yale. Kilichoguswa ni kichwa, ni shingo, ni kope. Nani aliupelekea mgongo habari? Na alama hizi mbili zilizokaa mbalimbali, moja ya kabati la daktari ambaye hakumjua, nyingine ya nyuma ya pazia lake, zimekubalianaje bila kukutana?

Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia siku nyingi.

Daktari akamweleza kwamba ngozi hujifunza. Inaweza kukivumilia kitu miaka na miaka, ikipimapima, kisha siku moja ikaamua kuwa huyu ni adui. Ikishaamua, habari huenea mwili mzima, na haisahau tena. Marashi mwenyewe hawashwi kwa sababu ngozi yake haijaamua hivyo, na huenda isiamue kamwe.

Marashi alitazama viganja vyake. Akaziona zile jioni zote, kichwa cha mkewe kati ya magoti yake, vidole vyake vikizunguka polepole kwa mapenzi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa hata kwenye mto wa kulalia, tena jioni kikimkanda.

"Na kazi yangu?" msusi akauliza, bado ameinama.

Daktari akasema rangi zake hazina kosa. Avae glavu, achague shampuu isiyo na manukato, na asuke hadi achoke mwenyewe. Msusi akavaa blauzi. Alikosea vifungo mara mbili, muuguzi akamsaidia.

Dukani, Marashi alikifungia kichupa kabatini. Saa haikupita akakitoa. Akaanza kujadiliana, na kinyozi akijadiliana hana mwisho. Atajipaka mchana tu. Atanawa kabla ya kulala. Atajipaka kidevuni, mashavu ataacha. Mkewe alikuwa anakipangusa kiti chake, anasikiliza tu.

"Wateja wananijua kwa harufu hii," Marashi alisema. "Nikiiacha mimi ni nani? Hata wewe, bibie, usikane. Ndiyo iliyokuleta kwangu."

Msusi akakunja kitambaa, akakiweka begani.

"Siku niliyokupenda," akasema, "ulikuwa unanuka sabuni ya kufulia."