Jembe la Siku ya Tatu Krete

Jana usiku, mke wangu Mwantumu akiwa amenipa mgongo, niliota begi la safari linaniuliza kama tunakwenda au hatuendi.

Ndilo swali aliloniuliza Mwantumu mwenyewe kabla hatujalala. Binti yetu Saumu ni mpishi wa hoteli katika kisiwa cha Krete, huko bahari ya Mediterania, na ametualika tukapumzike wiki nzima. Mama yake ameshashona magauni. Mimi nilisema nitajibu asubuhi, na jibu lilikuwa hapana. Mimi ni mwashi. Nilianza kubeba tofali nilipoacha shule darasa la nne, na sijui mtu anakaaje wiki nzima akitazama maji.

"Tunakwenda," Mwantumu akaliambia begi, nalo likajifunga zipu lenyewe.

Nafungua mlango wa chumba. Nje hakuna mtaa wetu wa Muheza, kuna Krete. Bahari ni ya buluu kama maji ya kusuuzia mashati meupe. Napiga hodi.

"Karibu. Shikamoo," kinajibu kisiwa, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa.

"Marahaba," nasema, kisha naona aibu, maana kisiwa ni kikubwa kuliko mimi.

"Mtakaa siku ngapi?"

"Wiki."

"Methali unaijua?"

Nani asiyeijua? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Sisi hapa tunaifuata," kinasema kisiwa.

Siku mbili tukalishwa samaki, jibini na mkate. Ya tatu, jua halijachomoza, jembe limeegemea mlangoni. Wazungu wote wa ile hoteli wamepanga mstari kondeni na miwani yao ya jua, wanalima matuta huku wananung'unika. Mimi sikunung'unika. Nilishika mpini nikaona raha ambayo nilikuwa nimeikosa tangu tufike.

"Polepole, bwana," jembe likaniambia. "Uko likizo."

"Likizo ndiyo hii."

Nikalima chini ya mizeituni mpaka nikatokea ufukweni. Pale namkuta Mwantumu amesimama kando ya viti viwili, gauni jipya limemkaa, mkononi ana bakuli la zeituni. Yeye hana jembe.

"Mbona huyu hamjampa?" nikauliza.

Kiti kimoja kikanijibu kwa hasira. "Siku za mgeni zinahesabiwa akishakaa. Mkeo tangu mfike hajakaa. Hata ya kwanza bado."

"Anangoja nini?"

"Muulize. Si una mdomo?"

Nikamuuliza. Mwantumu hakugeuka.

"Nakungoja wewe, Baba Saumu. Kukaa peke yangu nimeshakaa sana Muheza. Sikuja huku kufuata hayo hayo."

Nikataka kulitupa jembe. Halitoki.

"Niachie," nikaliambia.

"Mimi sina vidole," likasema jembe.

Nikavitazama vidole vyangu. Nikakifungua kimoja, kisha kingine, kama mtu anayeng'oa misumari kwenye ubao mkavu. Jembe likaanguka mchangani. Nikakaa. Mwantumu naye akakaa, akashusha pumzi, akanitia zeituni mdomoni. Chumvi tupu, na uchungu kwa mbali.

"Moja," kikahesabu kisiwa.

"Baba Saumu! Wewe! Unatafuna nini?"

Kumekucha. Mwantumu ameketi kitandani ananitazama. Nikatema kiganjani kokwa ndogo, imechongoka huku na huku, bado ina chumvi. Nyumba yetu haijawahi kuingia zeituni, hata ya kuonjeshwa.

Akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ya nini tena?"

"Mpigie Saumu," nikasema. "Mwambie atuwekee viti viwili."